Ukoo Unakula Foleni

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imeanza leo, na Mama mkwe amerudi leo kutoka hospitali. Wabeba machela waliacha matope kuanzia mlangoni mpaka chumbani, na mimi nikapiga deki nyuma yao. Kiharusi kimemchukua upande wa kulia wote. Mdomo umevutwa, maneno yamekwisha. Anatoa sauti moja tu, kama mtu anayesafisha koo. Jicho la kushoto ndilo lililobaki na ukali wa macho yote mawili. Nilipomwekea mto alinitazama kama muuza duka anavyotazama noti anayoishuku.

Baba mkwe amesema kesho mchana, tukishakula, wote tukutane sebuleni. Kuna jambo la kupanga.

Jumapili, 2 Machi

Jambo lenyewe ni hili: nani atakaa na mama mchana. Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa shule, na hata baada ya kustaafu anaongea kama mtu aliyeshika chaki. Alisema hataki msaidizi wa kuajiriwa. "Mgeni hatamshika mke wangu." Kwa hiyo ni sisi wanawake watatu. Yuko Wifi, dada wa mume wangu, ambaye amerudi nyumbani baada ya kuachika na ana saluni yake mtaa wa pili. Yuko mke wa shemeji yangu mkubwa, tunamwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yake. Na mimi, ambaye nimeolewa humu mwaka jana tu na nakata lenzi katika duka la miwani.

"Na wanaume?" niliuliza.

Shemeji alicheka. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Baba mkwe akasema, "Wanaume watagawa karata."

Nilidhani ni utani. Akafungua droo akatoa karata. Humu ndani wanacheza poka tangu zamani, ila siyo ya kuwekeana dau. Kila mtu anapewa karata tano, ndizo mkono wake, anaweza kubadilisha mpaka tatu, halafu mnafunua. Mwenye mkono mdogo kuliko wote anachukua njiti ya kiberiti. Inachezwa mikono mitano. Mwenye njiti nyingi ndiye anayechukua wiki, na mkilingana mnaongeza mkono mmoja.

"Mimi sijui kucheza," nilisema.

"Nitakufundisha, wifi yangu," alisema Wifi, akanikumbatia begani. Kucha zake zina rangi ya zambarau. Akanieleza majina yao ya nyumbani. Karata mbili za namba moja ile ile ni pea. Tatu za namba moja ni tatu. Tano zinazofuatana ni foleni. Tano za jamii moja, kopa, uru, pau au shupaza tupu, ni ukoo. Tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, zikikaa pamoja, ni nyumba. Za picha ni ghulamu, malkia na mfalme, na juu yao ipo ree, ile yenye A.

"Sasa ipi inakula ipi?"

"Tumia akili tu. Pea mbili ni karata nne. Tatu ni karata tatu. Nne na tatu, ipi kubwa?"

"Nne."

"Umeona? Pea mbili inakula tatu. Na ukoo ni rangi tu, hata mtoto anaweza kukusanya rangi. Foleni inakula ukoo."

Nilipata tatu za sita mkono wa pili nikazivunja kutafuta pea mbili. Walinitazama nikifanya hivyo, na Mwalimu akakohoa. Nimechukua njiti tatu. Wiki ni yangu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeomba likizo ya siku sita dukani. Meneja ameikubali, lakini kwanza alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso ili anione vizuri.

Kumgeuza mtu mzima asiyejisaidia ni kazi ya kiuno. Hakuna aliyenionyesha. Nilimshika vibaya akanifinya mkono kwa ule wa kushoto, akapindisha nyama kabisa. Alama ipo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki. Amenitemea supu.

Jumapili, 9 Machi

Leo nilikuwa nimejiandaa. Mkono wa kwanza nilifunua pea mbili, za tisa na za nne. Mwalimu akafunua ghulamu watatu na karata mbili za ovyo. Wifi alikuwa na pea mbili za wafalme na za kumi. Nikasukuma njiti kuelekea kwa Mwalimu.

"Polepole, binti yangu," alisema Baba mkwe. "Tatu za ghulamu kwenda juu zinakula pea mbili."

"Wifi hakuniambia hivyo."

"Nilisahau!" Wifi akapiga paji lake la uso. "Samahani jamani, mambo ni mengi."

Kwa hiyo mkono mdogo ulikuwa wangu, maana tisa hazifiki kwa wafalme. Mkono wa nne nikapata kopa tano. Moyo ulinidunda mpaka nikaona haya. Baba mkwe alizitazama kwa huruma kabisa, kama anavyotazamwa mtoto aliyeandika jina lake vibaya. "Ukoo usiokuwa na ree hauhesabiwi. Hapo una karata ya juu tu, malkia."

Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mume wangu alicheka pia, kidogo, kwa heshima ya kaka yake. Tulipokuwa peke yetu nilimuuliza kwa nini sheria zinazaliwa mezani. Alisema, "Utazoea, mke wangu. Una haraka ya kuelewa."

Wiki ni yangu tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Meneja kuongeza likizo. Amesema sawa, lakini hakusema haina neno.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua Mama mkwe hapendi kugeuzwa kuelekea ukutani. Ukimgeuzia dirishani anatulia. Barabara imejaa maji, watu wanavua viatu na kubeba mkononi, na akiona mtu ameteleza tumbo lake linatikisika. Anacheka! Mtu mzima anaanguka na mkate wake, na yeye kitandani anatikisika kwa raha. Sijui niseme nini kuhusu mwanamke huyu.

Jumapili, 16 Machi

Jana nilitafuta kwenye simu, nikapata mpangilio wote, toka chini hadi juu: karata ya juu, pea, pea mbili, tatu, foleni, ukoo, nyumba, nne za namba moja, na juu kabisa foleni ambayo ni ukoo pia. Hakuna mahali walipoandika ghulamu kwenda juu, wala ukoo kuhitaji ree.

Nikaweka simu mezani kabla ya kugawa. Baba mkwe alivaa miwani, akasoma yote taratibu, akairudisha simu kwa vidole viwili.

"Hii ni ya huko," alisema. "Huko wanacheza ya huko. Hapa ni kwangu."

"Basi niandikieni ya hapa, nijue."

"Mchezo wa nyumbani hauandikwi. Unakaa nao, unakuingia." Akageukia mume wangu. "Mkeo anataka cheti."

Wakacheka. Nikachukua njiti nne. Wifi alinisindikiza mpaka mlango wa chumba cha mama huku amenishika mkono. "Usijisikie vibaya, wifi. Wengine kichwa chao si cha karata."

Kitu kinachoniumiza ni kwamba nilimwamini. Nilisimama pale mlangoni nikawaza, labda ni kweli, labda kichwa changu ni cha vioo tu.

Alhamisi, 20 Machi

Leo kimetokea kitu.

Nilikuwa nimeingia na karata chumbani ili nijifunze peke yangu wakati Mama mkwe amelala. Nilizipanga kwenye blanketi, miguuni pake, nikijisemea: pea mbili inakula tatu, isipokuwa za ghulamu, ukoo bila ree ni bure. Nilisikia ile sauti ya koo. Alikuwa macho, anazitazama. Halafu mkono wa kushoto ukaja, ukashika pea mbili nilizokuwa nimeziweka juu, ukazitupa sakafuni.

Niliziokota nikazirudisha. Akazitupa tena. Mara ya tatu alinichapa kiganja.

"Mama, baba ndiye aliyesema."

Akafumba jicho kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye macho mawili. Kisha akaanza kupanga mwenyewe, karata moja moja, na mimi nikimtafutia alizotaka kwa kunyoosha na kukataliwa. Ilituchukua asubuhi nzima na supu ikapoa. Alipomaliza, blanketini kulikuwa na ngazi, kuanzia kwenye magoti mpaka kifuani. Pea. Pea mbili. Tatu. Foleni. Ukoo, na haukuwa na ree. Nyumba. Nne.

Ulikuwa ule ule mpangilio wa kwenye simu. Hakuna ya huko na ya hapa.

Nilimuuliza, "Nani alileta mchezo huu humu ndani? Ni baba?"

Kidole chake kikajigusa kifuani.

Ijumaa, 21 Machi

Nilijua mpangilio lakini sikuuelewa. Nilimuuliza leo, kwa nini? Kwa nini tatu iwe kubwa kuliko pea mbili wakati pea mbili imetumia karata nne? Niliona swali langu ni la kijinga lakini yeye alilipenda. Alinisukumia karata zote, akaonyesha kwa kidole: changa, gawa tano, funua. Changa, gawa tano, funua.

Tumefanya hivyo mchana kutwa, kati ya kumgeuza na kumbadilisha nguo. Karibu nusu ya mara kunatokea pea. Hata ukifumba macho, pea itakuja kukusalimia. Mara nyingine nyingi hakuna kitu kabisa. Pea mbili zilikuja mara chache, na kila ikija aliinua kidole kimoja. Tatu ilikuja kwa nadra zaidi, akainua kidole tena na kunitazama nione. Foleni haikuja. Ukoo haukuja.

Jioni ndipo nilipopata jibu. Hakuna aliyekaa akaamua nani mkubwa. Mkono ni mkubwa kwa sababu hauji. Karata zenyewe ndizo zimejipanga, na mtu yeyote mwenye mchana mrefu na mgonjwa wa kuangalia anaweza kuziona zikijipanga. Baba mkwe hana sauti hapo.

Nilicheka peke yangu. Naye tumbo likatikisika.

Jumapili, 23 Machi

Nilitaka kuwatazama. Nilicheza kama wanavyonijua, na safari hii nikawaona. Kabla Baba mkwe hajatangaza sheria mpya anamtazama Wifi. Wifi anagusa hereni. Mwalimu anainamisha uso. Mume wangu anaenda kuchukua maji.

Anaenda kuchukua maji *kabla*. Si baada ya mimi kushindwa. Anainuka wakati Baba mkwe bado hajafungua mdomo.

Wiki yangu tena.

Jumatatu, 24 Machi

Meneja: "Nakupenda, na mkono wako ni mzuri, lakini wateja wanasubiri miwani. Jumatatu ya tarehe saba usipokuwepo, naweka mtu mwingine kwenye mashine yako." Nilimwambia asante. Mtu anakupa tarehe ya kukufukuza na unamwambia asante.

Jumatano, 26 Machi

Ukoo umekuja! Pau tupu, mbili, tano, saba, kumi, mfalme. Foleni imeshakuja mara mbili tangu tuanze, ukoo ndiyo mara ya kwanza. Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono akakibana, na nilidhani ananifinya tena, lakini alikuwa ananishika tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mwalimu alikuja mchana kuleta dawa, shule zimefungwa kwa sababu ya mafuriko. Alinikuta nimekaa kitandani na karata. Alitazama ngazi ile blanketini, akamtazama mama, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti lililolowa.

"Kwa hiyo umeshajua."

"Nimejua nini?"

"Mdogo wangu, usinifanye niseme."

"Sema."

Akasema, tena bila aibu, kama anayesoma ratiba. Walikutana sebuleni wiki moja kabla mama hajatoka hospitali. Mimi nilikuwa kazini. Wifi alisema saluni yake haiwezi kufungwa. Mwalimu alisema ana watoto watatu. Shemeji akasema, basi ni yule mwingine, hana mtoto, na vioo vinaweza kukatwa na mtu yeyote. Baba mkwe ndiye aliyeleta wazo la karata. Alisema, "Akiambiwa atakataa. Akishindwa atakubali."

"Na mume wangu?"

"Alikuwepo."

"Alisema nini?"

"Alisema wewe hujui kucheza." Mwalimu akasimama. "Hakusema kwa ubaya. Baba aliuliza kama unajua, yeye akajibu."

Mlangoni aligeuka. "Mimi sikufurahia, ujue. Lakini nilipumua."

Ilinibidi nimgeuze mama saa ile, muda wake ulikuwa umefika. Nilimgeuza. Alikuwa amesikia kila neno, na sikuweza kusoma usoni kwake kama lolote kati ya hayo lilikuwa geni kwake.

Jumamosi, 29 Machi

Nimezungumza na mume wangu. Au nimezungumza mimi tu. Yeye alikuwa anapaka kiwi viatu.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ndivyo mnavyojibu humu ndani?"

Akapaka. "Ulitaka nimpinge baba na mama yuko hivi?"

"Nilitaka uniambie, mimi na wewe tukiwa kitandani, kwamba tatu inakula pea mbili. Basi. Hilo tu."

"Ni karata, mke wangu."

"Ni kazi yangu."

Akainua kiatu kwenye mwanga kuangalia kama kimeng'aa. Nilimpenda mtu huyu kwa sababu hapendi ugomvi. Sasa ninaona ni nani aliyelipia amani yake.

Jumapili, 30 Machi

Nimesema naumwa tumbo. Baba mkwe akasema asiyecheza amechukua wiki. Sawa. Nahitaji wiki moja zaidi na mwalimu wangu, yule wa kitandani.

Alhamisi, 3 Aprili

Tunacheza sasa, mimi na Mama mkwe, siyo kugawa tu. Ananifundisha nini cha kutupa. Nikiwa na pea na ree moja, nisiing'ang'anie ree kwa uzuri wake. Nikiwa na karata nne za ukoo na sina kingine, niombe moja: itakuja kama mara moja kati ya tano. Nikikosea ananichapa, na nikipatia hasemi kitu, maana hawezi, lakini anageuza uso dirishani kana kwamba haya yalikuwa wazi tangu mwanzo. Ananishinda kila siku kwa mkono mmoja. Ni mkali, hana subira, ana kinyongo. Ningeweza kukaa na mwanamke huyu mchana kutwa, na ndivyo ninavyofanya.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika yote, hata kama mkono umechoka.

Baba mkwe alipotoa karata nilisema, "Leo nitacheza, lakini tuchezee chumbani kwa mama. Mama awe mwamuzi."

"Mama hawezi kusema."

"Kidole kinatosha. Si yeye aliyewafundisha nyote?"

Wifi aliguna. Shemeji, ambaye hakujua ninachokusudia, akasema, "Hilo ni wazo zuri, baba, litamchangamsha." Baba mkwe akachukua karata akainuka. Tukabeba viti.

Mama aliinuliwa kwa mito mitatu. Nilimchana nywele mwenyewe asubuhi. Karata ziliwekwa juu ya blanketi kwenye mapaja yake. Baba mkwe akagawa, na mikono yake, ambayo sebuleni ni mikono ya hakimu, pale ilikuwa mikono ya mume anayetazamwa na mkewe.

Mkono wa kwanza nilikuwa na tatu za tano. Mwalimu alikuwa na pea mbili, na Wifi pea ya ree. Wifi akaanza, "Tatu za chini ya ghulamu..." na kidole cha mama kikagonga tatu zangu, mara moja, kama anagonga mlango. Wifi akachukua njiti.

Nilipoteza wa pili kwa haki, sikuwa na kitu. Mwalimu alipoteza wa tatu. Wa nne niliukosa tena. Wa tano Wifi alishika karata mbaya tupu akazitupa zikaanguka sakafuni. Mimi njiti mbili, Wifi mbili, Mwalimu moja. Mwalimu akasogeza kiti chake nyuma mpaka kikagusa kabati.

Mkono wa nyongeza, sisi wawili tu. Nilipewa karata nne za uru, yaani mbili, sita, nane na ghulamu, pamoja na tatu ya pau ambayo haikuwa na maana. Mwezi uliopita ningeshika ghulamu na kutupa zote. Nilitupa ile pau nikaomba moja. Mara moja kati ya tano. Niliiacha imelala kifudifudi kidogo, halafu nikaiinua. Tisa ya uru.

Wifi alifunua kwanza, karata moja moja, kwa madaha: tano, sita, saba, nane, tisa. "Foleni," alisema, na kucha zake zikapiga ubao wa kitanda. "Wifi yangu, pole sana."

Nikafunua uru zangu tano.

Alicheka. "Foleni inakula ukoo. Nilikuambia siku ya kwanza. Si nilimwambia, baba?"

Baba mkwe alisema, "Humu ndani, ndiyo. Foleni ni—"

"Tumuulize mama," nilisema.

Wote tukamtazama. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Yeye alielewa kabla yangu, labda tangu siku ile alipotupa pea mbili sakafuni. Akigusa ukoo, mimi kesho naenda kazini, na huyu mwenye kucha ndiye atakayemgeuza, atakayemlisha, atakayemvua nguo. Akigusa foleni nitabaki. Ilikuwa njia rahisi kabisa. Hakuna ambaye angempinga.

Mkono wa kushoto uliinuka ukakaa hewani. Jicho lake lilinitazama mimi, halafu likamtazama binti yake, kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Kidole kikashuka juu ya uru zangu.

"Mama!" alisema Wifi.

Kikagonga tena, kwa nguvu, karata zikaruka.

Sijui kama alifanya vile kwa kunipenda. Huenda alikuwa mtu ambaye anaweza kudanganya kuhusu chochote duniani isipokuwa karata.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekata lenzi za watu kumi na mmoja. Meneja ameninunulia soda. Mashine yangu ilikuwa imesogezwa kidogo kushoto, nimeirudisha.

Jioni niliingia kumsalimia mama. Alikuwa amegeuzwa ukutani. Shuka lilikuwa limelowa. Nilimwambia Wifi, akasema, "Kila mtu ana wiki yake."

Alhamisi, 10 Aprili

Wifi anamlisha supu ya moto ili amalize haraka arudi saluni. Mama ameungua mdomo. Nimempaka mafuta. Hakunitazama.

Jumapili, 13 Aprili

Baba mkwe amerudisha mchezo sebuleni. Anasema chumba kina harufu. Harufu ipo kweli. Lakini sheria za zamani hazijarudi, maana shemeji naye sasa ameona na anasema wazi, "Baba, si mama alishasema?" Kwa hiyo tunacheza kwa haki kabisa. Wifi anapoteza kwa haki kabisa. Bado anaiabudu ree.

Jumatano, 16 Aprili

Mama ana kidonda mgongoni, ukubwa wa sarafu. Kuna kingine kinaanza kisiginoni. Nilimwonyesha Baba mkwe. Alisimama mlangoni bila kuingia akasema, "Mwambie wifi yako." Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Si ulitaka kurudi kazini?"

Jumapili, 20 Aprili

Mkono wa tatu nilishika tatu za nane. Nilifikiria kuzivunja. Nilizitazama muda mrefu mpaka Mwalimu akasema, "Vipi, mdogo wangu?" Ningeweza kuzivunja, nichukue njiti, na kesho nimgeuze mama kuelekea dirishani. Wiki moja tu. Lakini wiki moja ingenifukuzisha kazi, na nikishafukuzwa sina sababu ya kutoka humo chumbani tena milele, na wote pale mezani walilijua hilo, na walikuwa wananitazama kwa upole.

Nikazishika tatu za nane, nikabadilisha mbili. Wifi akachukua wiki.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua imepungua. Meneja anasema atanifundisha lenzi za nguvu mbili kwenye kioo kimoja, ya mbali na ya karibu. Ni kazi ngumu, wachache wanaiweza.

Sijaingia chumbani tangu Jumatatu. Nikipita mlangoni nasikia ile sauti ya koo. Inajua hatua zangu.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna mvua leo, jua limetoka mpaka mbu wamechanganyikiwa. Tulifungua madirisha. Kufikia mkono wa nne Wifi alikuwa na njiti tatu mbele yake, na wiki ilikuwa imeshaamuliwa, lakini Baba mkwe anapenda mikono mitano ikamilike.

Mama akaanza kuita kutoka chumbani. Sauti ile ile moja, ikikatika na kuanza upya. Tulikaa nayo. Shemeji alisema kitu kuhusu mpira. Sauti ikaendelea.

Wifi alitupa karata mezani akainuka. Tukamsikia akitembea ukumbini kwa ndara zake, tukasikia mlango. Halafu akasema, "Unataka nini? Unataka nini tena?" Halafu tukasikia kofi.

Lilikuwa kofi la wazi, la kiganja juu ya shavu, na madirisha yalikuwa wazi.

Sauti ya koo ikanyamaza.

Mwalimu alitazama saa yake. Mume wangu akainuka kwenda kuchukua maji. Baba mkwe alikusanya karata, akazipanga kingo kwa kingo kwa uangalifu, na sikuona uso wake ukibadilika. Wifi akarudi, anajifuta mkono kwenye kanga, akakaa.

"Mkono wa mwisho," alisema Baba mkwe, akanisukumia karata. Tangu nijue kucheza wananiachia na mimi nigawe. "Haya, binti yangu. Gawa."

Nilizichanga vizuri. Nikagawa. Nilipata pea ya malkia, nikaishika, nikaomba tatu.